Ukakasi

Saa mbili asubuhi, Chimwaga, nimeshasaga
vipande kumi na viwili vya gome la mgunga.
Unga wake mwekundu umeganda
kwenye kinu, kwenye kope, kwenye koti la kazi
lililokuwa jeupe nilipoajiriwa.

Ninachokitafuta kinaitwa tanini.
Sechelela Chidawali halijui jina hilo,
wala halimkoseshi usingizi.
Yeye huita ukakasi,
huupima kwa ulimi, na ulimi wake
haungoji umeme urudi.

Alinipigia simu Februari. Hakusalimu.
"Pipa langu limeharibika. Njoo na vichupa vyako."

Mvumi, nyuma ya nyumba yake, ngozi tisa za mbuzi
zimelala ndani ya maji ya magome.
Zamani, anasema, siku saba ndipo ngozi iive.
Sasa ya nne tu imeshakuwa nyeusi,
ngumu, ukiikunja inapasuka kama chapati ya jana.
Mshona viatu wa Majengo amemrudishia jozi kumi na nne
pamoja na maneno ambayo hatayarudia mbele yangu.
"Maji yaleyale. Chumvi ileile. Mkono huuhuu.
Basi mti ndio uliobadili tabia."

Nikachora mchangani kwa kijiti:
moshi wa malori ya Singida, moshi wa viwanda
vya nchi zisizojua Mvumi iko wapi,
wote unapanda, unachanganyika, unarudi kuingia jani
kwa vitundu vidogo kuliko tundu la sindano.
Hewa ukaa, nikamwambia, ndicho chakula cha mti.
Imezidi, na mti unakula.
Lakini udongo wetu huu uliopauka kwa njaa
hauna nitrojeni ya kwenda na shibe hiyo.
Ugali umejaa sinia,
mlenda hakuna.

Hapo akacheka. "Ukaa! Jina limemfaa.
Alikuja, akakaa.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe."

Nikabaki na kijiti changu mkononi.
Miaka sita ya masomo, sikuwahi kulisema hivyo:
mti umempa mgeni jembe,
naye kwa kukosa shamba
analima ukali ndani ya gome.

Au labda.
Mimi nalipwa kusema labda.
Labda ni ukame, maana mti wenye kiu nao hukunja uso.
Labda ni meno ya mbuzi, na mti umejifunza kujihami.
Alinishushia kutoka darini gome la mama yake,
la mwaka wa Vijiji, limefungwa kwa ukili.
Nikalipima: ukakasi wake nusu ya huu wa leo.
Nusura nipige kelele maabara nzima isikie.
Kisha nikakumbuka kwamba gome nalo huzeeka,
hulegea, husahau.
Shahidi wa miaka hamsini
utamwapishaje?

Leo jioni Bwana Lugwisha amenirudishia jedwali.
Neno "sababu" amelizungushia wino mwekundu,
pembeni ameandika:
Hitimisho hili lina ukakasi.
Hakujua alichokisema.

Havikuingia kwenye jedwali:
mbuzi wa Sechelela, wenye njaa ya Oktoba,
waliousogelea mgunga, wakaunusa, wakapita;
Sechelela mwenyewe, usiku wa siku ya tatu,
akiopoa ngozi kwa tochi ya simu,
akizikanda kwa goti, akiinamisha sikio
kusikia kama zimeanza kulia;
na kile kipande alichonitia kinywani
bila kuniuliza.
"Tafuna. Usiteme."

Nikatafuna. Fizi zikakauka,
ulimi ukawa ngozi.
Pikipiki ilinirudisha mjini na vichupa vyangu vikigongana,
na mpaka tunafika Ntyuka
nilikuwa bado najaribu kupiga mluzi.